Bweni la Chuo, Hosteli ya Masista au Geto la Malimbe: Nimelala Kote Kutatu

Binti wa shangazi yangu amepata SAUT, Mwanza. Alinipigia simu usiku, nikajua kuna jambo, maana siku zote yeye hutuma ujumbe tu.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Hongera ya chuo!"

"Asante. Dada, baba anasema nikae bwenini, mama anataka kwa masista, mimi nataka geto. Wewe ulikaa wapi?"

Nikamwambia nilikaa kote. Mwaka wa kwanza bwenini, wa pili kwa masista, wa tatu geto, yaani chumba cha kupanga mtaani, na kila nilipohama nilibeba ndoo ileile ya bluu yenye mfuniko. Haya ndiyo niliyomweleza, pamoja na yale niliyoyakumbuka baada ya kukata simu.

Kwa asiyepajua: SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ni chuo cha Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Kilianza 1960 pale Nyegezi kama kituo cha mafunzo ya jamii, kazi ya Askofu Joseph Blomjous, kikawa chuo kikuu mwaka 1998. Kipo Malimbe, upande wa ziwani, kama kilomita 10 kusini mwa katikati ya jiji. Ukitoka mjini unaiacha barabara ya Shinyanga pale Nyegezi Kona, unaingia ndani. Ni chuo cha Wakatoliki lakini wanafunzi ni wa kila dini. Mimi mwenyewe ni Mlutheri wa Bukoba.

Watu wengi hulinganisha malazi kwa bei. Bei nitaitaja, ila ukweli ni kwamba unachagua nani atakayeshika saa zako za jioni, toka saa kumi na mbili mpaka saa sita usiku: wadeni (msimamizi wa bweni), sista, au wewe mwenyewe. Kwenye chuo cha kanisa saa hizo zina mambo mengi. Mazoezi ya kwaya ni saa hizo, jumuiya ni saa hizo, maombi ya katikati ya wiki ni saa hizo, na diskasheni, yaani kusoma kwa makundi, nazo zinagombania muda huohuo.

Pesa, kwa kuwa wazazi huanzia hapo

Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo hupata 10,000 kwa siku ya chakula na malazi. Nilianza mwaka wa masomo 2022/23, ndio mwaka kiwango kilipopanda kutoka 8,500, na waliotutangulia walikuwa wanatuambia sisi tumezaliwa na bahati. Boom, ndiyo hiyo pesa ya Bodi, huingia kwa mkupuo wa siku 60, kwa hiyo unashika 600,000 na unajiona tajiri mpaka Jumatano.

Geto langu lilikuwa 40,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hataki kusikia habari ya mwezi mmoja, anataka sita. Piga hesabu: 240,000 zinaondoka siku ya kwanza, zinabaki 360,000 za siku 60, ambazo ni 6,000 kwa siku. Na hapo hujanunua godoro, pazia, jiko na mtungi mdogo wa gesi. Boom la pili ndipo unapumua, maana kodi ilishalipwa na 10,000 yako unaila yote. Kwa hiyo anayekwambia geto ni rahisi na anayekwambia geto ni ghali wote wanasema kweli, inategemea umewauliza mwezi gani. Ila kuna likizo ndefu. Miezi hiyo unalipia chumba ambacho kimelala mende peke yao, au unahamisha vitu vyako kwa rafiki na kuanza kutafuta upya mkirudi.

Bei ya bweni imeandikwa kwenye karatasi ya ada unayopewa pamoja na maelekezo ya kujiunga. Isome mpaka mwisho, hasa kama godoro lipo au unakuja nalo. Raha ya bweni ni kwamba ukishalipa umelipa, hakuna mtu atakayekugongea saa moja asubuhi kukuuliza habari za umeme.

Kwa masista nililipa 400,000 kwa semesta, na chai ya asubuhi ndani yake. Sista mkuu alinikubalia awamu mbili, kwa maandishi, na tarehe ya awamu ya pili aliikumbuka kuliko mimi.

Jioni

Bweni la chuo cha kanisa lina kanuni zinazofanana karibu kila mahali nchini. Geti lina saa yake. Mgeni wa jinsia nyingine haingii chumbani, anaishia nje kwenye mabenchi. Hakuna kupika, hakuna koili ya kuchemshia maji, na wadeni anaweza kupita bila kubisha hodi mara mbili. Yote hayo unayazoea ndani ya mwezi mmoja. Wasichozoea wengi ni watu.

Tulikuwa wanne, vitanda viwili vya dabodeka. Aliyelala juu yangu alikuwa Mpentekoste wa kweli kweli. Saa kumi alfajiri nilisikia kitanda kinaanza kutetemeka taratibu, halafu sauti chini ya shuka, ananena kwa lugha kwa kunong'ona ili asituamshe, na sote tumeshaamka. Wa upande wa pili alikuwa haamini katika hedifoni. Kusoma chumbani ilikuwa ndoto, tulikimbilia maktaba au kwenye vimbweta, yale mabenchi ya saruji ya nje. Lakini ilipofika wiki ya mitihani, chumba hichohicho kikawa dhahabu. Madesa, yaani notsi na mitihani ya zamani, yalipita mkono kwa mkono, na binti mmoja wa Shinyanga alinifundisha Takwimu saa sita usiku akichora kwa chaki kwenye mlango wa kabati. Bila yeye ningekuwa na sapu, mtihani wa kurudia, mpaka leo.

Kuna jambo moja la bweni ambalo halimo kwenye kanuni: kubebana. Aliyekosa kitanda anaomba kulala kwenye kitanda chako, wawili kwenye godoro la mtu mmoja, na kanuni inakataza. Ukipata kitanda, ombi hilo litakuja, na litatoka kwa mtu unayempenda, pengine mliyesoma naye sekondari au mnayeimba naye kwaya. Amua jibu lako kabla hujaulizwa. Mimi nilibeba mtu wiki tatu na mgongo wangu unakumbuka.

Kwa masista mambo yalikuwa tofauti kabisa. Geti lilifungwa saa moja na nusu, na aliyelifunga alikuwa sista mzee mwenye mafungu mawili ya funguo kiunoni, unamsikia kabla hujamwona. Hapo ndipo Ulutheri wangu ulipoingia majaribuni. Ibada yetu ya USCF, umoja wa wanafunzi Waprotestanti wa vyuo, ilikuwa inaisha saa mbili usiku. Ikabidi kila wiki nipeleke kikaratasi chenye sahihi ya mwenyekiti wetu, na sista anakisoma chote, mbele na nyuma, kana kwamba nyuma pangeandikwa kitu. Hakunikatalia hata siku moja. Lakini kuomba ruhusa ya kwenda kusali kulinichosha, na semesta ya pili nilikuwa naruka ibada moja kati ya mbili. Hilo nalitaja kwa sababu wazazi wa Kilutheri na wa Kipentekoste huona neno "masista" wakadhani imani ya mtoto imeshalindwa. Imelindwa, ndiyo, lakini ratiba imepangwa na Wakatoliki.

Mwezi wa tano na wa kumi kulikuwa na rozari kila jioni. Hatukulazimishwa, ila ukumbi wa rozari ndio huohuo wenye meza za kusomea, kwa hiyo uamuzi unakuwa kukaa nyuma na daftari lako au kukaa chumbani. Nilikaa nyuma. Ilipofika mwisho wa Oktoba nilikuwa nayajua matendo ya uchungu kwa mpangilio, na bibi yangu aliyepo Bukoba sijamwambia mpaka leo.

Baada ya saa tatu usiku ni kimya. Kimya cha kusikia mtu anafungua zipu ya begi chumba cha tatu. GPA yangu, yaani wastani wa alama, ya mwaka ule ndiyo ya juu kuliko zote, na sijisifu. Hapakuwa na kitu kingine cha kufanya.

Geto halina geti. Wiki ya kwanza nilitoka nje saa nne usiku kununua mhogo wa kukaanga bila sababu yoyote, kwa vile tu naweza. Wiki ya tatu jirani alileta sabufa, spika kubwa ya muziki. Wewe una mtihani wa katikati ya semesta kesho, yeye ana singeli, na wote wawili mmelipa kodi. Kumwambia apunguze unaweza, atapunguza, dakika kumi.

Kisha kuna LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba sita na mita moja. Karatasi ilibandikwa ukutani pembeni ya mita, majina sita, na mbele ya kila jina kiasi na tarehe. Jina la chumba namba nne lilikuwa na vistari tu. Huyo ndiye aliyekuwa na jagi la umeme, pasi, na kale kajokofu kadogo. Umeme ukikata saa mbili usiku, watu watano wanatoka nje na tochi za simu, wanasimama mbele ya karatasi ile kama wanasoma matokeo, na hakuna anayelitamka jina la namba nne kwa sauti. Mwisho mmoja anachoka, ananunua wa 2,000. Mara nyingi nilikuwa mimi, kwa kuwa kompyuta yangu ilikuwa na betri iliyokufa.

Hata hivyo kuna watu geto limewafaa kuliko popote. Wanafunzi wa uandishi wa habari wanaohariri sauti na picha mpaka usiku, au wenye zamu za alfajiri, geti linawatesa. Rafiki yangu wa kozi hiyo alihama bwenini katikati ya semesta kwa sababu hiyo tu.

Chakula na maji

Bwenini unakula kantini au kwa mama ntilie nje ya geti. Wali maharage, ugali dagaa, siku ya boom ugali na sato mzima. Boom likikata unapiga pasi ndefu: unakula saa kumi jioni mlo mmoja mkubwa unaobeba mchana na usiku. Kila mwanafunzi wa Tanzania anaijua pasi ndefu. Bwenini huna njia nyingine, maana huna jiko.

Geto lina jiko, na jiko linabadilisha kila kitu. Dagaa za mwaloni Kirumba, unga, mafuta kidogo, nyanya mbili, unakula wiki nzima. Wenzangu Wasukuma walinifundisha kula michembe: viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, unavichemsha, unakula na karanga, na njaa haikusogelei mpaka jioni. Mimi niliwalipa kwa senene. Mwezi wa kumi na moja mama alikuwa ananitumia kopo kwa meli kutoka Bukoba, naenda kulichukua bandarini asubuhi. Bwenini kopo hilo lilikwisha ndani ya dakika ishirini, hata viatu sijavua. Geto lilikaa siku nne.

(Kama unaogopa Ijumaa za Kwaresima kwenye chuo cha Wakatoliki, usihofu. Mwanza samaki ni chakula cha kila siku. Wanaoteseka ni wauza nyama choma.)

Maji nayo. Bwenini na kwa masista kuna matenki makubwa, mgao ukija mnausikia lakini hamfi. Geto, tenki likikauka, ni ndoo kichwani au kumlipa kijana wa mkokoteni. Wapo wanaoshuka ziwani kuoga na kufua. Ziwa Victoria lina kichocho, kwa hiyo hilo usilifanye hata kama wenzako wote wanafanya na wanacheka.

Ukiugua

Swali hili hakuna anayeuliza akiwa anatafuta chumba. Mwaka wa kwanza nilipata malaria bwenini. Wenzangu watatu waligawana kazi: mmoja alinishika mkono mpaka zahanati, mmoja alibeba kadi yangu ya bima, ile ya wanafunzi ya 50,400 kwa mwaka, na yule wa kunena kwa lugha alikesha ananiombea, safari hii kwa sauti na hakuna aliyelalamika. Kwa masista sikuugua, lakini niliona mwenzangu akipelekewa uji chumbani mara tatu kwa siku na yule sista wa funguo.

Geto malaria ilinikamata Ijumaa mchana. Wenzangu wa kozi walidhani nimekwenda mjini, wa USCF walidhani nina diskasheni, jirani wa sabufa alikuwa kwao. Nililala mpaka Jumapili. Aliyegundua ni mama anayeuza maandazi kwenye kona, kwa kuwa siku mbili sikupita kununua. Alikuja akagonga mlango na upawa. Toka hapo niliwapa watu wawili ufunguo wa akiba, na nakushauri ufanye hivyo siku unayohamia, kabla hata hujatundika pazia.

Sala, na lile jambo la wapenzi

Mahali unapolala hapakufanyi uwe mcha Mungu. Mkatoliki wa bwenini ana misa karibu, na TMCS, umoja wa wanafunzi Wakatoliki, inamfuata mpaka chumbani. Walutheri, Waanglikana na wengine wa CCT (Jumuiya ya Kikristo Tanzania) tuna USCF, wapo TAFES wa kiinjili, wapo CASFETA kwa Wapentekoste, na TUCASA kwa Wasabato. Ukikaa bwenini watakupata ndani ya wiki moja, maana wanapita mlango kwa mlango. Ukikaa geto lazima uwatafute wewe. Nimeona viongozi wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo wa sekondari, watu wa kushika maikrofoni, wakipotea kabisa mwaka wa kwanza wakiwa geto. Hawakuacha imani. Jumapili tu ilikuwa siku ya kufua.

Kuhusu geto na mpenzi, mahubiri mtayasikia mengi, mimi nasema moja tu. Msichana mwenye geto na jiko anaanza kwa kumpikia kijana Jumapili. Kufika mwezi wa pili anampikia kila siku, anamfulia, boom la kijana linaisha kwenye sabufa, na anayepiga pasi ndefu ni yeye msichana. Wavulana pia hujikuta wanalisha mtu na marafiki zake watatu. Kama huwezi kusema "leo sijapika" bila kuomba msamaha, bweni litakusaidia kulisema.

Kama chuo chako ni kingine

Kwenye vyuo vya Wasabato, kama Chuo Kikuu cha Arusha pale Usa River au Baraton kule Kenya, hesabu inabadilika kwa sababu ya Sabato. Inaanza Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama. Bwenini jamii nzima inatulia pamoja nawe. Geto wewe umefunga kazi, majirani ndio wanafungua wikiendi. Baraton hata chakula cha kantini hakina nyama, jambo ambalo wazazi wengine hulipenda na vijana wengine hulitorokea kwenye vibanda vya nje. Kwa Msabato anayejali siku yake, ningesema bweni bila kufikiri mara mbili.

Nilivyomshauri

Mwaka wa kwanza bweni. Kelele zake zinafundisha, marafiki nilionao leo wote ni wa kabati lile la chaki, na hakuna mahali pengine utakapopata madesa bure. Kwa masista namshauri mtu wa aina mbili: anayesoma kozi nzito na kujijua kwamba hajiwezi mbele ya simu, na Mkatoliki ambaye ratiba ile ni ratiba yake tayari. Asiye Mkatoliki aende akijua, aulize saa ya geti kabla ya kuuliza bei. Geto ni la mwaka wa tatu, au la mtu mwenye kazi ya usiku, au la anayeanza na mwenzake mmoja wa kuaminika wanaogawana kodi na kutazamana wakiugua. Peke yako mwaka wa kwanza, hapana.

Na chumba cha geto kikaguliwe saa mbili usiku. Mchana kila nyumba ya Malimbe ni tulivu na ina maji. Usiku ndipo utaona kama njia ina taa, utasikia sabufa ziko upande gani, utafungua bomba na kuona. Uliza mita ya LUKU ni ya vyumba vingapi. Tafuta karatasi ukutani na uhesabu vistari.

Alinisikiliza yote, akanyamaza kidogo. "Sawa dada, bweni. Ila mwaka wa pili nahamia geto."

"Wa tatu."

"Wa pili na nusu." Kisha akaniuliza kama ile ndoo ya bluu bado ina mfuniko wake.